Kitanda Kitupu na Mtandao Unaokwama

Mwezi huu tunaweka kando habari za jikoni na akiba ya nyumba, tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelidharau, huku likitunyang'anya amani kila jioni. Nalo ni hizi gemu za simu ambazo vijana wetu huzicheza na watu walio mbali kwa njia ya intaneti.

Tunajua wengine mtauliza, "Gemu zinatuhusu nini sisi wenye kupika, kufua na kulea?" Hata sisi tuliuliza hivyo hivyo, mpaka usiku ule tulipokuta kitanda cha mtoto kiko kitupu.

Usiku ule

Kijana wetu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Ni mtoto mpole, husaidia kuteka maji bila kusukumwa. Lakini jioni akishika simu alikuwa akigeuka mtu mwingine. Utasikia, "Imekwama! Inalegi tena!" Siku moja alipiga ukuta ngumi mpaka mdogo wake akalia kwa hofu. Baba watoto, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimwonya mara ya kwanza, akamwonya mara ya pili. Mara ya tatu alisema, "Katika nyumba hii sitaki kusikia tena kelele za gemu." Kijana akanyamaza. Tukashukuru, tukidhani yamekwisha.

Kumbe hayakuwa yamekwisha, bali yalikuwa yamehama. Yapata wiki moja baadaye, saa tano usiku, mvua ilianza kunyesha nasi tukaamka kufunga madirisha. Tulipoingia chumba cha watoto, mdogo alikuwa amelala peke yake. Mama anayesoma hapa anajua moyo unavyoanguka katika dakika kama hiyo. Tulijifunga kanga, tukawasha tochi, tukatoka na baba yake.

Tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, upande wa mji ulio karibu na mnara wa simu. Pembeni yake walikuwapo vijana wakubwa kuliko yeye, baadhi yao wakibeti mpira kwenye simu zao. Alipotuona alisimama akitetemeka. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Nisameheni. Hapa hailegi."

Maneno makali yalikuwa yamejaa kinywani mwetu, lakini lile neno lake la mwisho lilitushangaza. Mtoto wetu alikuwa ametoka kwenye kitanda chenye joto, akapita gizani, akakaa na watu tusiowajua, kwa sababu ya kitu ambacho sisi hatukujua hata maana yake.

Asubuhi, baba yake alipokwenda kazini, tulimpa chai tukamwuliza polepole, "Mwanangu, hiyo legi ni nini?" Alitazama chini kwa muda mrefu. Ndipo akatueleza kwamba rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, ambaye wazazi wake walihamia Tabora, huingia kwenye gemu kila jioni, wakacheza timu moja na kuongea humo humo. "Mtandao ukikwama, mama, mimi ndiye ninayeifanya timu ishindwe. Wenzake wameanza kumwambia aniache."

Tulinyamaza. Miezi mingi tulikuwa tukidhani mtoto anagombana na mchezo, kumbe alikuwa akipigania urafiki. Hatusemi kwamba kutoroka usiku kulikuwa halali. Adhabu yake aliipata, na alistahili. Lakini tuliona kwamba kama mtandao wa nyumbani ungekuwa mzuri, asingekuwa na sababu ya kwenda kuutafuta mtaani.

Legi ni kitu gani?

Mgeni njoo mwenyeji apone. Wiki ile ile alitutembelea mtoto wa dada yetu, afanyaye kazi ya kompyuta Morogoro. Tulimwomba atufafanulie kama anavyomfafanulia mtu asiyejua kitu, naye alituelezea kwa mfano wa treni, maana watu wa Kilosa hatuhitaji kufundishwa treni ni nini.

Alisema hivi: kila mara kijana anapogusa kioo ili mchezaji wake apige mpira au akimbie, simu hutuma ujumbe mdogo sana kwenda kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo ndiyo inayoendesha gemu. Seva hupokea, huamua, halafu hurudisha jibu. Muda wa kwenda na kurudi huo vijana huuita pingi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000. Pingi ikiwa chini ya 50, mchezo ni laini kabisa. Ikiwa kati ya 50 na 100, bado ni mzuri. Ikipita 150 kijana huanza kulalamika, na ikifika 300 anapigwa kabla hajamwona adui.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunanunua kifurushi kikubwa zaidi tukitegemea legi itapona. Kifurushi kikubwa, au intaneti yenye kasi kubwa, ni kama treni yenye mabehewa mengi. Hubeba abiria wengi kwa safari moja. Lakini aliyetumwa Dar es Salaam kupeleka barua na kurudi na jibu hajali treni ina mabehewa mangapi. Anachojali ni atarudi saa ngapi. Gemu ni mtu huyo wa barua. Yenyewe inapochezwa hutumia data kidogo, mara nyingi makumi ya megabaiti kwa saa, wakati video hula mamia na zaidi.

Kuna magonjwa mengine mawili. La kwanza ni kuyumba, pale jibu moja linapokuja upesi na linalofuata linapochelewa, kama treni isiyo na ratiba. La pili ni ujumbe kupotea njiani usifike kabisa. Haya mawili huudhi kuliko pingi kubwa iliyotulia, kwa maana mchezaji hawezi kuyazoea.

Njia ni ndefu

Seva za gemu nyingi zinazopendwa ziko nje ya Afrika Mashariki. Ujumbe hutoka kwenye simu kwenda mnarani, ukapita katika nyaya za kioo ardhini hadi pwani, kisha ukaingia kwenye mikongo iliyolazwa chini ya bahari.

Mwanga ndani ya nyaya hizo husafiri kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Ni mwendo wa ajabu, lakini hauna mwujiza. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilometa 2,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 25 kwa uchache. Hadi London ni kilometa 7,500 hivi, nayo ni milisekunde 75 kwa uchache. Kwa kuwa mikongo hupinda kufuata pwani, na kila kituo cha njiani hula muda wake, hesabu halisi huwa kubwa zaidi. Hivyo mtoto wa Kilosa anayecheza kwenye seva ya Ulaya hawezi kupata pingi ya mtoto wa London hata akinunua simu ya dhahabu.

Hata hivyo tumetoka mbali. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, na EASSy kufuata mwaka 2010, nchi yetu ilitegemea sana setilaiti. Setilaiti zile zilikuwa juu kiasi cha kilometa 36,000, hata ujumbe kwenda na kurudi ukachukua nusu sekunde au zaidi. Gemu za namna hii zisingewezekana. Nanyi mtakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipokatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima na kwa majirani zetu pia. Siku kama ile hakuna ruta wala simu iwezayo kumsaidia mtoto. Yafaa tu kumwambia apumzike.

Tuliyoyafanya nyumbani

Baada ya kuelewa, tulikaa na kijana na binamu yake, tukapima pingi kwa namba inayoonekana ndani ya gemu yenyewe. Saa tatu usiku, akiwa chumbani, ilikuwa ikicheza kati ya 240 na 300. Tukaanza kutafuta sababu moja baada ya nyingine, kama mama anayetafuta uvundo unakotoka jikoni.

1. Tuliihamisha ruta. Tunayo ruta ndogo ya kutumia laini ya simu, nasi tulikuwa tumeiweka nyuma ya televisheni, juu yake kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Kumbe tulikuwa tumeifunika macho. Tuliiondolea kitambaa, tukaiweka juu karibu na dirisha linaloelekea upande wa mnara. Kuta nene, nondo, mabati, jokofu na vioo vya kabati huzuia mawimbi. Ruta ipate hewa, na isikae sakafuni.

2. Tulimsogeza mchezaji. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kuta tatu. Sasa huchezea sebuleni, hatua chache kutoka kwenye ruta. Hili lilipunguza pingi, na pia lilitupa faida ambayo hakuna fundi angeweza kutuuzia: tunamwona na kumsikia.

3. Tulichagua wimbi linalofaa. Ruta nyingi za siku hizi hutoa waifai ya namna mbili. Ile ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta, lakini imejaa vurugu za waifai za jirani, vifaa vya bluututhi na oveni za maikrowevu. Ile ya gigahezi 5 haifiki mbali, ila kwa aliye karibu ni tulivu. Aliye chumba kimoja na ruta na atumie ya 5. Wenye kompyuta au mashine ya gemu ya televisheni, waya kutoka kwenye ruta ni bora kuliko waifai yoyote.

4. Tulimkamata mwizi. Hapa, akina mama, tunaungama wenyewe. Binamu alipotazama vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta, alikuta simu moja inapakia data nyingi mno kila jioni. Ilikuwa simu yetu sisi! Tulikuwa tukirudi kutoka mazoezi ya kwaya na video tele, tunaweka simu mezani, nayo yenyewe inaanza kupandisha picha na video kwenye hifadhi ya intaneti, huku WhatsApp ikishusha kila kilichotumwa kwenye makundi. Mizigo hii mikubwa hupanga foleni mbele, na ujumbe mdogo wa gemu husubiri nyuma kama mtoto mwenye kidumu kimoja bombani nyuma ya mkokoteni wenye madumu 20. Kijana alicheka mpaka akashika tumbo, nasi tukacheka naye. Tangu siku ile hifadhi ya picha inafanya kazi alfajiri, na WhatsApp tumeizuia isishushe video bila kuulizwa.

5. Tulizima kazi za pembeni kwenye simu yake. Duka la programu lilikuwa likisasisha programu wakati wowote. Tumeliweka lisasishe kwa amri yetu tu. Masasisho ya gemu huweza kuwa mamia ya megabaiti hata gigabaiti nzima, basi hufanywa asubuhi kabla ya siku ya kucheza, si dakika ya mwisho. Programu nyingine zote hufungwa kabla ya mchezo kuanza.

6. Tulitenganisha ugonjwa wa mtandao na ugonjwa wa simu. Hili ni muhimu, kwa sababu dawa zake si moja. Namba ya pingi ikipanda na kuwa nyekundu, tatizo ni njia. Lakini pingi ikiwa nzuri na picha yenyewe inakatakata, simu ndiyo imechoka. Joto la Kilosa mnalijua. Simu inayochezewa huku ikiwa kwenye chaji, ndani ya kava nene, huchemka na kujipunguzia nguvu. Tulivua kava, tukakataza kucheza ikiwa kwenye chaji, tukafuta video za zamani zilizojaza nafasi, tukazima hali ya kubana betri, tukashusha ubora wa picha ndani ya gemu. Hatukununua simu mpya.

7. Tulichagua seva na saa. Ndani ya gemu nyingi kuna mahali pa kuchagua eneo. Mwache kijana ajaribu kila eneo na kuandika pingi yake kwenye karatasi, kisha wachague lililo dogo, yeye na rafiki yake pamoja. Kuhusu saa, tulipima siku nzima. Saa moja asubuhi ilikuwa 85, saa kumi jioni 110, saa tatu usiku ikapanda tena. Sababu ni kwamba mnara mmoja hugawiwa watu wote, na usiku mji mzima uko mtandaoni.

Wasio na ruta, wanaotumia data ya simu moja kwa moja, watazame juu ya kioo. Simu ikirukaruka kati ya 4G na 3G, mchezo utakatika kila inaporuka. Inawezekana kuiamuru kwenye mipangilio ibaki 4G tu, lakini wakumbuke kuirudisha baadaye, maana kwa baadhi ya simu na laini kufanya hivyo huzuia wito wa kawaida kuingia, na mgonjwa au mzazi anaweza kuwa anakutafuta. Pia jaribuni laini ya mtandao mwingine kwa kifurushi cha siku moja kabla ya kuamua. Ulio bora kwa dada yako wa Mikumi si lazima uwe bora mtaani kwako.

Jihadharini na haya

Kuna programu za bure zinazodai kuondoa legi kwa kubonyeza mara moja. Mara nyingi haziondoi kitu. Baadhi huzungusha ujumbe kupitia nchi nyingine, hivyo njia ikazidi kurefuka, na nyingine huchungulia siri zilizo ndani ya simu. Simu ambayo ndani yake mna pesa za familia isiwekewe kitu kisichojulikana.

Jambo la pili ni manunuzi ndani ya gemu. Nguo za wachezaji na silaha za rangi huuzwa kwa pesa ya kweli. Namba ya siri ya pesa ya simu isijulikane na mtoto. La tatu ni sauti za wageni. Gemu hizi huwaunganisha watoto na watu wazima wasiowafahamu, kwa hiyo kijana wetu huongea na wale tu aliowakubali yeye mwenyewe, na jina lake, shule yake na mtaa wake havitajwi.

Mapatano ya nyumba yetu

Baba watoto alikuwa wa mwisho kulegea. Jioni moja alisimama nyuma ya kiti akitazama, mikono nyuma. Pingi ilikuwa 95. Timu ya kijana ilishinda, na kwenye simu tukasikia sauti ya yule rafiki wa Tabora, sasa imekuwa nzito ya kiume, ikisema, "Shikamoo baba!" Alikuwa ameambiwa mzee yupo. Baba watoto alishtuka, kisha akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo?" Wakazungumza dakika nzima. Usiku ule tulipolala alisema tu, "Yule mtoto amekua."

Mapatano tuliyoyaandika na kubandika ukutani ni haya. Gemu ni baada ya masomo na kazi, na siku za shule ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, wakati ambao hata mtandao ni mwepesi. Saa tatu usiku simu zote hulala juu ya kabati la sebuleni, zikiwamo za wazazi. Kelele za hasira zikizidi, mchezo unafungwa siku hiyo. Nasi kwa upande wetu tumeahidi kutopandisha video za kwaya wakati wake. Mapatano yanayomfunga mtoto peke yake hayadumu.

Hatutawadanganya kwamba kila kitu kimekuwa shwari. Zipo jioni ambazo mnara umelemewa au umeme umekatika, na kijana huweka simu chini kwa uso uliokunjamana. Lakini sasa hutaja sababu, hapigi ukuta. Na kila usiku, kabla hatujazima taa, bado tunachungulia chumba cha watoto. Hatujaiacha desturi hiyo, wala hatutaiacha hivi karibuni. Vitanda vyote viwili vina watu.

Mama mpendwa, kama nyumbani kwako kuna mtoto anayepiga kelele na simu, kabla ya kuificha simu hiyo, kaa karibu naye umwulize kimekwama nini, na huyo aliye upande wa pili ni nani. Samaki mkunje angali mbichi, lakini lazima kwanza umshike mkononi.

Tuonane mwezi ujao. Amani ikae nanyi na nyumba zenu.